Usugu wa Metali: Kwa Nini Waya Uliokunjwa Haunyooki

Chukua kipande cha waya wa shaba, ule wa uzi mmoja unaopitishwa ukutani kwenda kwenye soketi. Uvue gamba lake la plastiki, uukunje kwenye nondo ya milimita 10 mpaka ufanye kona, kisha jaribu kuunyoosha kwa vidole. Kona haifunguki. Zinazopinda ni sehemu za pembeni yake, huku na huku, na mwishowe unabaki na waya wenye nundu katikati na bonde kila upande. Ukiulaza juu ya chuma na kuugonga kwa nyundo, nundu itapungua, lakini jicho lililozoea bado litaiona. Mafundi umeme wanaijua nundu hiyo. Watoto waliotengeneza magari ya waya wanaijua vilevile: ukikosea kukunja kona ya bodi, ni afadhali ukate kipande kingine.

Darasani, ukiuliza sababu, jibu linalokuja haraka ni kwamba waya umelegea pale ulipokunjwa. Linasikika kama jibu la busara, kwa kuwa tunajua kwamba ukiendelea kuukunja mahali hapohapo utakatika, na kitu kinachokaribia kukatika tunakidhania dhaifu. Ukweli ni kinyume chake. Pale kwenye kona ndipo waya ulipo imara kuliko sehemu yake nyingine yoyote. Vidole vinapouvuta, sehemu laini za jirani ndizo zinazokubali kwanza, na kona inabaki kama ilivyo.

Jambo hili lina jina katika sayansi ya metali. Kiingereza kimeliita kwa kuunganisha neno la kazi na neno la kuwa gumu; Kijerumani kinazungumzia kuimarika kwa baridi, yaani bila moto. Sisi tunalihitaji jina letu, na si kwa ajili ya kupamba kamusi. Mtoto wa Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia sekondari hukutana na sifa za metali kwa Kiingereza, akiwa hana neno la kushikia kile ambacho mikono yake imekwisha kukijua. Anayetafsiri neno kwa neno atapata "ugumu wa kazi", na msomaji ataelewa kwamba kuna kazi ngumu inayozungumziwa. Hapo istilahi imekufa kabla ya kuzaliwa.

Neno ninalolipendekeza ni usugu. Sugu, kwa maana yake ya kwanza, ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha anayeshika jembe kila siku, au kwenye kisigino cha anayetembea peku. Ngozi imeguswa, imebanwa, imesuguliwa, na badala ya kulainika imekuwa ngumu. Kutoka hapo lugha ililipeleka neno mbali: mhalifu sugu, ugonjwa sugu, vimelea sugu kwa dawa. Katika matumizi yote hayo kuna wazo moja, kwamba kitu kimepitishwa katika shurba mara nyingi na shurba ile ndiyo iliyokipa uwezo wa kuikataa. Waya wa shaba nao ndivyo unavyofanya. Kila mara unapoulazimisha kupinda, unaupa uwezo wa kukataa kupinda tena. Kwa hiyo: usugu wa metali ni hali ya metali kuongeza nguvu ya kukataa mpindo wa kudumu, kwa sababu imekunjwa, imesokotwa, imevutwa au imefuliwa ikiwa baridi.

Wapo watakaosema tunalo tayari neno kukakamaa, na kwamba ukakamavu ungefaa zaidi. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili kujibiwa kwa jaribio. Kata vipande viwili vya waya wa aina moja, wenye kipenyo cha karibu milimita 1.8, kila kimoja kirefu sentimita 25. Kimoja kiache kilivyo. Cha pili kibane ncha moja kwenye jiliwa, shika ncha nyingine kwa koleo na ukisokote mizunguko 15, polepole, bila kukiacha kijikunje. Kwa macho vipande hivi vitafanana, isipokuwa kilichosokotwa kitakuwa kimepoteza mng'ao kidogo. Sasa vibane vyote viwili ukingoni mwa meza, vitokeze nje sentimita 15, na kwenye ncha ya kila kimoja tundika kikombe chepesi cha mtindi. Tia maji kwa bomba la sindano. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo huhitaji mizani, ila ukumbuke kuhesabu uzito wa kikombe chenyewe.

Uzito wa gramu 15 kwa jumla utazishusha ncha zote mbili karibu milimita 3. Zote mbili, kwa kiasi kilekile. Ondoa kikombe, nazo zitarudi zilikokuwa. Jambo hili huwashangaza waliotazamia kwamba waya uliosokotwa utashuka kidogo zaidi ya mwenzake au kidogo pungufu. Ukakamavu, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kupinda kwa muda na kurudi, haukubadilika kwa kusokotwa. Unategemea jinsi atomi za shaba zinavyoshikana, na kushikana huko hakukuguswa. Ndilo eneo la sheria ya Robert Hooke, aliyoichapisha London mwaka 1678: uzito ukiongezeka maradufu, mshuko nao unaongezeka maradufu, na ukiondoa uzito kila kitu kinarudi mahali pake.

Endelea kutia maji. Ukifika gramu 60, waya laini utakuwa umeinama kabisa, na ukiondoa kikombe utabaki umeinama. Ule uliosokotwa utashuka kiasi cha sentimita moja hivi, na ukiuondolea mzigo utapanda tena. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kilichosogea ni kikomo cha mnyumbuko, yaani ule mzigo ambao waya ukiuvuka haurudi tena. Kusema kwamba waya umekakamaa kungemfundisha mwanafunzi kosa la fizikia, tena kosa ambalo jaribio la shilingi chache linalikanusha. Usugu hauna mzigo huo. Kiganja chenye sugu hakikunjiki kwa shida zaidi. Kinachokataa ni kuumia.

Turudi kwenye kona yetu, maana hesabu yake inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Tuseme waya una kipenyo cha milimita 2, ili hesabu iwe nyepesi, na umezungushwa kwenye nondo ya milimita 10. Mstari wa katikati ya waya uko milimita 6 kutoka kitovu cha kona, upande wa nje uko milimita 7, na upande wa ndani milimita 5. Maana yake, kila milimita 6 za upande wa nje zimevutwa zikawa 7, na kila milimita 6 za upande wa ndani zimebanwa zikawa 5. Huo ni mvuto wa asilimia 17 hivi. Shaba laini huweza kuvutwa na kurudi yenyewe kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya elfu. Ukitaka waya huo upinde na kurudi bila kubaki na alama, lazima uuzungushe kwenye duara lenye kipenyo cha mita 2 au zaidi. Katika kona ya nondo tumeuvuka mpaka huo zaidi ya mara mia moja, na hata hivyo waya haukukatika. Huu ndio uwezo wa ajabu wa metali, ambao mawe na kioo havina.

Kwa nini haukukatika? Metali ni mkusanyiko wa fuwele ndogondogo, na ndani ya kila fuwele atomi zimepangwa safu juu ya safu. Waya unapopinda moja kwa moja, safu zinateleza juu ya safu nyingine. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Urusi, Yakov Frenkel, alikokotoa nguvu inayohitajika ili safu nzima iteleze juu ya nyingine kwa mara moja, na jibu likatoka kubwa mno, mara elfu moja au zaidi kuliko nguvu inayotosha kuipinda fuwele halisi ya metali safi. Kwa mujibu wa hesabu ile, mtoto asingeweza kuupinda waya wowote.

Ufumbuzi ulitokea mwaka 1934, na ulitoka kwa watu watatu karibu wakati mmoja: Geoffrey Ingram Taylor wa Cambridge, na Wahungaria wawili, Egon Orowan na Michael Polanyi. Walisema safu haitelezi yote kwa pamoja. Ndani ya fuwele kuna mahali ambapo safu moja ya atomi inaishia njiani, haifiki upande wa pili, na atomi zilizo ukingoni mwake hazina mwenzi kamili wa kushikana naye. Ukisukuma, ukingo huo unasogea hatua moja tu: muungano mmoja unaachia, mwingine unashika. Kisha hatua nyingine, na nyingine. Safu nzima inahama, lakini kila mara zinazoachiana ni atomi chache. Kasoro hiyo ya mpangilio naiita mteguko, neno lilelile tunalolitumia kiungo kikiwa kimetoka mahali pake, na nadhani halihitaji utetezi mrefu.

Mteguko ndio unaoufanya waya upindike. Pia ndio unaouletea usugu, na hapa ndipo Taylor alipoonyesha umahiri wake, kwa kuwa usugu ndio uliokuwa ukimsumbua tangu mwanzo. Mteguko mmoja ukisafiri peke yake haupati kizuizi. Lakini kukunja kunazaa miteguko mipya, na kila mmoja unaelekea upande wake. Inakutana, inavukana, inanasana, inarundikana kwenye mipaka ya fuwele. Inayofuata inakuta njia imezibwa, na ili isogee inahitaji kusukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Katika sentimita moja ya ujazo ya shaba iliyolainishwa vizuri, ukiiunganisha mistari yote ya miteguko kwa urefu unaweza kupata kiasi cha kilomita 10. Katika shaba iliyokunjwa na kufuliwa sana, urefu huo huzidi kilomita milioni moja, zaidi ya kwenda na kurudi mwezini. Na yote hayo ndani ya kipande kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Kwa zaidi ya miaka 20 miteguko ilibaki nadharia tu. Mwaka 1956, katika maabara ya Cavendish pale Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan waliiona kwa hadubini ya elektroni ndani ya utando mwembamba wa alumini. Waliiona ikitembea.

Katika kulinganisha huku na ngozi kuna mpaka ambao mwalimu asiuruke. Sugu ya kiganja hujengwa kwa tabaka jipya. Ngozi inaongezeka unene. Waya hauongezewi chochote. Uzito wake ni uleule na atomi zake ni zilezile, ila mpangilio wake umevurugika. Kwa hiyo nguvu inayopatikana ina gharama: kadiri miteguko inavyojaa, uwezo wa kupinda unapungua, mpaka hakuna kinachoweza kuteleza tena. Ukitazama upande wa nje wa kona kwa kioo cha kukuzia baada ya kuikunja na kuikunjua mara kadhaa, utaona mng'ao umekwisha, uso umekuwa na chengachenga, na mikwaruzo myembamba imeanza kukata waya kwa mkingamo. Hiyo mikwaruzo ni nyufa. Guso moja zaidi la mkono, na waya unakatika kwa mlio mdogo mkavu. Ukiukunja harakaharaka kisha ukaugusisha haraka mdomoni, utasikia joto. Taylor na Quinney walipima jambo hili mwaka huohuo wa 1934: sehemu kubwa ya nguvu unayoitumia hugeuka joto na kupotea, na sehemu ndogo inabaki imehifadhiwa ndani ya metali, katika hiyo hiyo vurugu ya miteguko.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba waya uliokatika hivyo "umechoka". Uchovu wa metali ni istilahi halali na nina heshima nayo, lakini inahusu jambo ambalo ni jirani tu wa hili. Historia yake ni ya majonzi. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini, mabehewa yakapandana na kushika moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli ile haikuwa imepindwa na mtu. Ilibeba mizigo ambayo chuma chake kilikuwa na uwezo nayo, lakini kila mzunguko wa gurudumu uliikaza upande huu na upande ule, mara nyingi zisizohesabika, mpaka ufa ukajifungua njia. Wahandisi wengi wa wakati ule walipotazama uso wa chuma uliovunjika na kuona chembe zinazong'aa, walisema chuma kimegeuka kuwa fuwele kwa kutikiswa. Neno hilo liliwapotosha kwa miaka mingi. Chuma kilikuwa fuwele tangu siku kilipotoka tanuruni. Mskoti William Rankine alilitilia shaka wazo hilo mapema, mwaka 1843, akaelekeza macho kwenye ufa unaokua; na Mjerumani August Wöhler, katika miaka ya 1850 na 1860, akaujengea uchovu majaribio yake ya kuzungusha ekseli chini ya mzigo uliopimwa.

Uchovu basi ni wa mikazo midogo inayorudiwa mno; usugu ni wa mpindo mkubwa, hata mmoja. Ukikunja waya kwa mkono mpaka ukatike umeviona vyote viwili, usugu ukitangulia. Lakini anayesikia "uchovu" peke yake atadhani kwamba mapumziko yanatibu. Waache wanafunzi wajaribu: wakunje kona, waweke waya kabatini wiki nzima, kisha wajaribu kuunyoosha. Shaba haipumziki. Kona itakuwa kaidi kama walivyoiacha.

Wasidhani pia kwamba usugu ni balaa. Bila huo, kona ya gari la waya isingekuwa na mviringo. Mahali palipoanza kupinda pangeendelea kupinda peke yake mpaka pavunjike; ni kwa sababu panakuwa pagumu ndiyo maana mpindo unahamia kwa jirani na kona inasambaa. Na kuvuta waya, yaani kuupitisha kwenye tundu dogo ili uwe mwembamba, kunategemea jambo hilohilo, kwa sababu sehemu iliyokwisha kupita tunduni ni nyembamba na bado inatakiwa kubeba nguvu ya kuivuta sehemu nene iliyo nyuma yake. Inaweza kwa msaada wa usugu iliyoupata njiani. Ufundi huu ni wa zamani katika bara letu. Kwenye makaburi ya Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi nchini Zambia, yaliyochimbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walizikwa na waya wa shaba pamoja na vifaa vya kuuvutia. Katika karne ya 19 Wayeke wa Katanga, watu wa Msiri aliyetokea upande wa Unyamwezi na kuuawa mwaka 1891, walisifika kwa kuvuta waya mwembamba wa shaba wa kusukia bangili. Misafara ya pwani nayo ilikuwa ikibeba masango, mizunguko ya waya wa shaba ya manjano, kwenda nazo bara kama bidhaa.

Mvutaji waya yeyote, wa zamani au wa kiwandani leo, anafika mahali ambapo waya unakataa tundu linalofuata, na akilazimisha unakatika. Hapo anaurudisha motoni. Sonara anayefua fedha hufanya vilevile, nyundo kidogo, moto kidogo, nyundo tena. Moto unazipa atomi uhuru wa kujipanga upya. Fuwele mpya, safi, zinaota ndani ya zile zilizovurugika, na miteguko mingi inafutika. Kulainisha kwa moto, kwa hiyo, ndiko kunakouondoa usugu, na sioni haja ya kubuni neno gumu zaidi ya hayo matatu. Waya wa ndani ya ukuta hutoka kiwandani ukiwa umelainishwa hivyo ili fundi aukunje kwenye boksi la swichi. Waya wa shaba wa kutandikwa juu ya nguzo huachwa na usugu wake ili usilegee kwa uzito wake wenyewe. Waya wa kufungia nondo umelainishwa, ndiyo maana rangi yake ni nyeusinyeusi. Spoki ya baiskeli haikulainishwa, ingawa pale kuna tofauti ya kaboni pia.

Zipo metali ambazo joto la chumba tu ni moto wa kutosha kwazo. Risasi ni mojawapo, na bati vilevile. Kunja waya wa kulehemu wa risasi na bati mara nyingi utakavyo, hautaota usugu wa kudumu. Miteguko inafutika karibu kwa kasi ileile inayozaliwa. Mwanafunzi anayeshika waya wa kulehemu mkono huu na wa shaba mkono ule amepata tofauti nzima bila hadubini. Anawe mikono baadaye, kwa sababu risasi ni sumu.

Jaribio la mwisho lahitaji jiko la mkaa. Chukua ule waya uliousokota, hakikisha hauna plastiki hata chembe, maana moshi wake una asidi, na usijaribu kamwe kwa waya uliopakwa zinki, kwa kuwa mvuke wake unadhuru mapafu. Uweke kwenye makaa mpaka uwe na wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, kisha uutumbukize kwenye maji. Shaba haiwi ngumu kwa kuzimwa majini kama ifanyavyo pua, hivyo maji ni ya kuokoa muda tu na kubandua masizi. Usiunyooshe wala kuuvuta. Urudishe ukingoni mwa meza, sentimita 15 nje, tundika kikombe, na anza tena kutia maji. Kwa gramu 15 ncha itashuka karibu milimita 3, kama siku zote. Kwa gramu 60, waya uliokuwa ukirudi utainama na kubaki huko chini.